Polisi wakibisha hodi kwenye intaneti, mjumbe yuko wapi?

Miaka kadhaa iliyopita polisi walikuja kupekua nyumba ya jirani yetu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nao walikuwa wanne, wawili wamevaa kiraia. Kabla hawajagusa kitu, mmoja wao alitumwa kumwita mjumbe wa nyumba kumi, mama mtu mzima aliyekuwa kibarazani kwake akichoma vitumbua. Akaja na kanga yake kiunoni, vidole bado vina unga, akasimama mlangoni akitazama kila droo inavyofunguliwa.

Upekuzi ulipokwisha, askari alisoma orodha kwa sauti: simu mbili, laptopu moja, daftari moja la mahesabu, fedha taslimu shilingi elfu arobaini na tatu. Akamkabidhi mjumbe kalamu atie sahihi. Mama yule akaisoma karatasi, akauchungulia mkoba ambamo vitu vilikuwa vimetiwa, akairudisha kalamu.

"Afande, na chaja mmechukua. Andika na chaja."

"Mama, hata chaja?"

"Imetoka humu ndani, mwanangu. Andika."

Ikaandikwa, ndipo akatia sahihi. Jirani yule alishtakiwa baadaye, na mjumbe hakumtetea hata kwa neno moja. Kumtetea haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichotoka ndani ya nyumba kimeandikwa, na kwamba walioingia wamejulikana. Utaratibu huo si hisani ya askari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inamtaka afisa anayechukua mali ya mtu katika upekuzi atoe stakabadhi, yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi waliokuwapo.

Namkumbuka mama yule kila ninapofuatilia jinsi vyombo vya dola vinavyoshughulika na taasisi zinazosimamia intaneti. Wengi wetu hatuzijui taasisi hizi, kwa sababu hazina duka mtaani wala matangazo redioni. Kazi yake ni kutunza madaftari. Liko daftari la majina, yaani vikoa: jina lolote linaloishia na .com, .org, .ke au .tz lazima liwe limeandikwa mahali. Mfumo mzima wa majina hayo unaratibiwa na ICANN, taasisi iliyoundwa California mwaka 1998. Liko pia daftari la namba, zile anwani za IP zinazoiwezesha mitambo kutambuana. Watunza namba wako watano duniani. Wa kwetu Afrika ni AFRINIC, yenye makao yake Ebène, Mauritius. Wa Ulaya na Mashariki ya Kati ni RIPE NCC ya Amsterdam.

Anayeshika daftari ana nguvu kuliko anavyoonekana. Akibadilisha mstari mmoja tu, tovuti haifikiki tena, ingawa seva yake inawaka na mwenyewe yuko ofisini anakunywa chai. Polisi na wadhibiti waliligundua hilo zamani. Kwa nini wahangaike kumsaka mwenye tovuti aliye nchi ya mbali, na hali mtunza daftari yuko karibu, ana ofisi, ana wakili na hapendi kesi? Hodi hupigwa kwake. Upekuzi unafanyika mwenye nyumba hayupo, mjumbe hajaitwa, na orodha ya vilivyochukuliwa inabaki mfukoni mwa waliochukua.

Matokeo yake yameonekana. Novemba 2010 idara ya forodha na uhamiaji ya Marekani, ICE, ilikamata kwa mpigo vikoa 82 ikivituhumu kwa bidhaa bandia na wizi wa hakimiliki. Kimojawapo kilikuwa dajaz1.com, tovuti ya wapenzi wa muziki wa hip hop. Aliyeifungua alikuta tangazo la serikali lenye nembo. Mwenye tovuti alikuwa na barua pepe zinazoonyesha kwamba baadhi ya nyimbo zilizolalamikiwa alitumiwa na watu wa tasnia yenyewe ili azitangaze. Alitaka kuyasema hayo mbele ya hakimu. Sheria inaipa serikali muda maalumu: ifungue kesi au irudishe mali. Muda ulipokwisha, serikali ilikwenda mahakamani kuomba nyongeza, ikaomba tena, na maombi hayo yakafungwa kwa siri. Wakili wa mwenye tovuti alikuwa akiambiwa kwa mdomo kwamba muda umeongezwa, karatasi hakuonyeshwa. Desemba 2011, baada ya mwaka mzima na ushei, kikoa kilirudishwa bila shtaka lolote. Nyaraka zilipofunguliwa Mei 2012, ilibainika kwamba muda wote huo serikali ilikuwa ikisubiri ushahidi kutoka kwa chama cha kampuni za muziki, na ushahidi haukutosha.

Februari 2011 lilitokea jambo la aibu zaidi. Maofisa wa Marekani wakiwasaka watu wanaosambaza picha chafu za watoto, uhalifu ambao kila mzazi anataka ukomeshwe, walikamata kikoa kinachoitwa mooo.com. Hawakujua, au hawakuuliza, kwamba chini ya jina hilo walipanga maelfu ya watu wasiohusiana. Tovuti ndogo zipatazo 84,000, nyingi za watu binafsi na za biashara ndogo, zikabadilishwa ghafla na bango lenye nembo za serikali linalozungumzia picha za ngono za watoto. Fikiria mteja wako anafungua ukurasa wa duka lako na kukuta bango hilo. Kosa lilirekebishwa baada ya siku chache, lakini mtu akishapakwa matope ya aina ile, nani atakwenda nyumba kwa nyumba kuyafuta?

Sisemi polisi wasibishe hodi. Wahalifu wa mtandaoni wapo, na mara nyingine daftari ndipo pekee wanapoweza kubanwa. Novemba 2011 FBI na polisi wa Estonia walilivunja genge lililosambaza kirusi kiitwacho DNSChanger. Kompyuta zaidi ya milioni nne katika nchi zipatazo 100 zilikuwa zimeambukizwa. Mtu akitaka kwenda tovuti ya benki anaweza kupelekwa kwingine bila kujua. Genge lilikuwa limeingiza angalau dola milioni 14. Hiyo ni kazi nzuri ya polisi, na dunia iliwashukuru.

Ndani ya operesheni hiyohiyo kuna somo jingine, na kwangu ndilo kubwa. Polisi wa Uholanzi waliiagiza RIPE NCC ifunge kwa muda usajili wa mafungu manne ya anwani za IP yaliyohusishwa na genge lile. RIPE NCC ilitii, lakini haikunyamaza. Iliwatangazia wanachama wake na umma kwamba agizo limekuja, limehusu anwani zipi, na imefanya nini. Kisha ikawauliza wanasheria kama agizo lile lina mguu wa kusimamia. Jibu lilipoonyesha shaka, Januari 2012 iliyafungua mafungu yale na kuipeleka serikali ya Uholanzi mahakamani ili swali lijibiwe na hakimu: je, polisi wana mamlaka ya kumwagiza mtunza namba namna hii? Kesi ile siitaji kwa ajili ya hukumu yake. Naitaja kwa sababu mkulima wa Ugiriki, benki ya Oman na mwanafunzi wa Amsterdam wote waliweza kujua kwamba daftari wanalolitegemea limeguswa, na nani kaligusa. Tangu hapo RIPE NCC imekuwa na desturi ya kuchapisha kila mwaka ripoti ya maombi ya vyombo vya dola: yamekuja mangapi, yametaka nini, yamejibiwaje. Msimamo wake kuhusu taarifa zisizo za hadharani unajulikana: hazitoki bila amri inayotambulika kisheria nchini Uholanzi.

Uingereza nako kuna mfano, ingawa wenyewe una dosari. Nominet, inayotunza daftari la .uk, husimamisha vikoa kwa taarifa ya polisi bila kusubiri amri ya mahakama. Mimi utaratibu huo siupendi. Polisi ni mlalamikaji. Mlalamikaji akiwa pia mwamuzi, mwenye tovuti hana pa kusemea. Hata hivyo Nominet huchapisha idadi. Katika miezi 12 iliyoishia Oktoba 2017 ilisimamisha vikoa 16,632. Mwaka uliofuata vikawa 32,813, karibu mara mbili, na sehemu kubwa mno ilitokana na kitengo kimoja cha polisi wa Jiji la London kinachoshughulikia bidhaa bandia. Kwa kuwa namba hizo ziko wazi, Mwingereza yeyote anaweza kuuliza: kwa nini zimeongezeka hivyo, na mbona karibu zote zimetoka mlango mmoja? Mimi niliye mbali naweza kuulaumu utaratibu huo kwa sababu ninauona. Usiouona hata kuulaumu huwezi.

Wadhibiti nao hubisha hodi, na hodi zao wakati mwingine zina manufaa. Novemba 2019 ilitangazwa kwamba daftari la .org, linalotumiwa na mashirika mengi ya kiraia kuanzia Nairobi hadi Arusha, lingeuzwa kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135. Mashirika yalipiga kelele, yakihofia ada kupanda na wakosoaji kufungiwa majina. Mwanasheria Mkuu wa California, ambaye ndiye anayesimamia taasisi zisizo za faida za jimbo hilo, aliiandikia ICANN kuitaka nyaraka, na Aprili 2020 akaiandikia tena akiishauri ikatae. Tarehe 30 Aprili bodi ya ICANN ilikataa. Barua ile iko hadharani hadi leo. Anayeamini mdhibiti aliingilia kupita kiasi anaweza kuisoma na kujenga hoja; anayeamini aliokoa mali ya umma anaweza kufanya vivyo hivyo.

Ikaja vita. Tarehe 28 Februari 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Ukraine iliiandikia ICANN ikitaka vikoa vya Urusi, .ru vikiwamo, vifutwe. Fikiria uzito wa ombi hilo: nchi inashambuliwa, dunia iko upande wake, na mtunza daftari anaombwa afute nchi nzima kwenye ramani ya majina. ICANN ilijibu ndani ya siku mbili kwamba haina mamlaka hayo na haiegemei upande. Barua zote mbili zilisomwa na dunia. Je, ombi kama lile likija kimyakimya, kutoka nchi kubwa kuliko Ukraine, likihusu nchi ndogo kuliko Urusi? Kinga ya nchi ndogo ni desturi ya kuchapisha barua, na desturi hiyo lazima ijengwe kabla ya siku ya shida.

Sasa nirudi kwetu. Anwani za IP zinazotumiwa na kampuni za intaneti kuanzia Mwanza hadi Kisumu, Bujumbura hadi Goma, zinatunzwa na AFRINIC. Mwaka 2019 iligundulika kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamechotwa kinyemela kwa kuchezewa daftari kutoka ndani, na suala likafikishwa kwa polisi wa Mauritius. Mwaka 2021, katika mgogoro na mwanachama mmoja mwenye mamilioni ya anwani, mahakama ilizifunga akaunti za benki za AFRINIC. Mwaka 2023 iliwekwa chini ya msimamizi wa muda aliyeteuliwa na mahakama. Juni 2025 uchaguzi wa bodi ulifanyika na kufutwa, ukarudiwa Septemba. Katika miaka hiyo yote, hatima ya namba za Afrika iliamuliwa na mahakama, polisi na serikali ya kisiwa kimoja, na sisi wenye kuzitumia tulikuwa tukiokota habari vipande vipande, mara nyingi kutoka kwa watu wenye maslahi katika kesi. Mwenye kampuni ndogo ya intaneti anayelipa ada kila mwaka anastahili kujua mambo ya kawaida kabisa: amri gani zipo juu ya daftari lake, zimetolewa na nani, lini, na mpaka lini.

Kwenye majina hali ni ileile. Mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilikuwa miongoni mwa waasisi wa tzNIC, taasisi iliyoundwa kutunza daftari la .tz. Kuna sababu nzuri za serikali kuwa karibu na jina la nchi. Lakini mdhibiti akiwa tayari yumo ndani ya nyumba, hodi haisikiki. Ombi linaweza kuwa simu tu kati ya maofisa wanaofahamiana, bila barua na bila sahihi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuagiza mtu yeyote mwenye data aitoe, bila kwanza kwenda kwa hakimu. Ndiyo iliyomfikisha Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums katika mahakama ya Kisutu baada ya kukamatwa Desemba 2016, kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Miongoni mwa mashtaka yake kulikuwa na la kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Melo alikataa, kwa hiyo tukajua. Waliokubali hatuwajui, na wala hatujui ni wangapi. Kenya nayo, Oktoba 2025, ilirekebisha sheria yake ya uhalifu wa kompyuta na kuipa kamati ya taifa ya usalama wa mtandao uwezo wa kuagiza tovuti zisifikike. Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vya marekebisho hayo mwezi huohuo. Maagizo ya namna hii yataongezeka. Swali ni kama yatahesabiwa.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Mpelelezi atasema: mkichapisha kwamba nimeuliza habari za kikoa fulani, mtuhumiwa atakimbia. Ni kweli. Hata mjumbe wetu hakuambiwa jana yake kwamba kuna upekuzi kesho. Angeambiwa, na jirani angejua. Aliitwa wakati wa tukio. Usiri wa upelelezi una kazi yake na una mwisho wake. Idadi inaweza kuchapishwa kila baada ya miezi sita bila kutaja jina hata moja. Mwenye kikoa anaweza kuarifiwa baada ya siku 90, na afisa anayetaka muda zaidi aende kwa hakimu aeleze sababu, sababu hiyo iandikwe. Kilichomwumiza mwenye dajaz1.com kilikuwa siri isiyo na tarehe ya mwisho.

Wengine watasema daftari dogo halina watu wa kuandika ripoti. Lakini kuhesabu kunawezekana: ICANN tangu Novemba 2023 ina mfumo ambamo polisi na wengine huwasilisha maombi ya kuona taarifa za wenye vikoa, zile ambazo nyingi zilifichwa baada ya sheria ya Ulaya ya data binafsi kuanza kutumika Mei 2018, na takwimu za maombi hayo huchapishwa. Zamani polisi alisoma jina na simu ya mwenye kikoa bila kumuuliza mtu. Sasa analazimika kuomba, na kinachoombwa kinahesabika. Daftari lenye maombi 20 kwa mwaka halihitaji mtambo wowote. Mhasibu mmoja na jioni moja vinatosha. Kama hakuna ombi lililokuja, iandikwe sifuri, kwa sababu sifuri iliyotiwa sahihi ni ahadi, na mwakani itapimwa.

Basi ninachotaka kutoka kwa watunza madaftari wa .tz, .ke, .ug, .rw, .bi na .cd, na kutoka kwa AFRINIC, ni jedwali lenye safu tano. Nani aliomba. Alitumia sheria gani, na kama alikuwa na amri ya mahakama. Alitaka nini: taarifa, kufungwa kwa jina, au kuhamishwa. Alipewa au alikataliwa. Na mwenye jina aliarifiwa lini. Simu zisizo na barua ziandikwe pia, hasa hizo.

Hakuna safu hata moja kati ya hizo itakayomzuia polisi mwenye kesi ya kweli. Zitampa hata faida: atakaposimama mahakamani, wakili wa utetezi hatapata pa kusema ushahidi umeokotwa njiani. Askari wale wa asubuhi ile walipata orodha ya upekuzi isiyo na tundu, kwa sababu mama mmoja mwenye unga vidoleni aliwachelewesha dakika mbili.

Kila mwaka ninalipia kikoa changu, kama wanavyofanya maelfu ya wenye maduka, shule, misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama. Ada hiyo inatupa haki ya kuuliza. Wiki hii nimeandika barua kwa wanaonitunzia jina langu. Ina swali moja tu: mwaka uliopita mlibishiwa hodi mara ngapi?